Vipepeo na Mafundo

"Ukifungua mdomo wako mle ndani, tunageuka tunarudi nyumbani," alisema Mama Karai.

Alisema polepole, kwa sauti ya chini, na mwanawe alimjua. Mama yake akipiga kelele, jambo ni dogo.

"Sitafungua, mama."

"Atakayesema ni mjomba wako. Wewe umeletwa uonekane tu, kama ng'ombe wa mnadani."

"Nimesikia."

"Rudia."

"Nimeletwa nionekane."

Mjomba, fundi viatu, alicheka puani. Alikuwa amevaa koti la harusi yake mwenyewe, na baada ya miaka ishirini koti lilimbana kama kiatu cha kuazima. "Dada," alisema, "kumnyamazisha huyu ni sawa na kumwomba jogoo asubiri kuche vizuri."

Walikuwa wamesimama mlango wa nyuma wa bekari ya Mzee Tanuri, saa tisa alasiri. Mkate wa pili ulitoka saa kumi, na saa kumi foleni ya wateja ilifika mpaka barabarani. Mzee Tanuri alikuwa amewapa saa hiyo moja katikati, kama mtu anavyompa nafasi fundi bomba.

Kijana hakuitwa kwa jina lake la kuzaliwa na mtu yeyote. Mama yake alimwita baba. Wengine wote walimwita Breki, na jina hilo alipewa na madereva wenzake, kwa kuwa lori lake lilikuwa nazo na mdomo wake haukuwa nazo. Leo alikuwa amenyoa, amepiga pasi mpaka soksi, na kwapani amebana kopo la bati lenye kifuniko kilichochakaa.

"Na hilo kopo?" aliuliza mama yake.

"Zawadi yake. Aliniagiza."

Mama Karai alilitazama kopo, akamtazama mwanawe, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kuingia maji ya baridi. Ilikuwa miaka thelathini tangu atoke katika nyumba hii. Aligonga mlango yeye mwenyewe.

*

Breki alikuwa ameleta unga hapa kila Jumanne kwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza hakuona kitu ila magunia. Mwaka wa pili aliona mikono.

Ilikuwa mikono ya msichana aliyekaa kwenye meza ndefu kando ya dirisha, mwenye alama nyeusi moja chini ya mdomo, ndogo kama mwisho wa sentensi. Kwa ajili hiyo watu wote walimwita Nukta. Mbele yake donge la unga lilikuwa limesukumwa likawa jembamba kama kitambaa. Alikata vipande vya upana wa vidole viwili, akachana kila kipande katikati kwa ncha ya kisu, akaingiza upande mmoja ndani ya ule mpasuko, akauvuta ukatokea ng'ambo. Kipande kilijipinda kiunoni. Kikitiwa kwenye mafuta ya moto kilizama, kikafikiri kidogo, kikapanda juu kimevimba mabawa mawili. Kikitolewa kilinyunyiziwa sukari ya unga. Ukutani, juu ya kaunta, rangi nyekundu iliandika: VIPEPEO VYA ASILI, VYA NYUMBA HII.

Breki alisimama na gunia begani mpaka akasahau kwamba gunia ni zito.

"Mama yangu hupika hivihivi," alisema. "Yeye huviita mafundo, na hatii sukari ya unga, anavichovya kwenye shira."

Mikono ilisimama. "Mama yako ni nani?"

Alimwambia. Msichana alitazama mlangoni kwanza, kisha akamtazama yeye, na hayo ndiyo macho yaliyomla Breki tangu siku ile: macho yanayocheka na kuogopa kwa pamoja.

"Basi usilitaje jina hilo ndani ya nyumba hii," alisema. "Baba anasema mama yako aliviiba hapa."

Kijana mwingine angeshusha magunia yake akaondoka. Breki alirudi Jumanne iliyofuata na hasira, akarudi Jumanne ya pili na hoja, na Jumanne ya tatu akagundua kwamba anarudi kwa ajili ya kitu kingine kabisa. Nukta naye hakuwa wa kubembelezwa kwa maneno. Siku aliyokubali kumsikiliza, nyuma ya ghala, alimpa sharti moja tu. "Wewe unavuka mipaka. Kila utakapokuta vimekaangwa kama hivi vyetu, niletee kimoja. Usiniletee khanga wala mafuta ya nywele. Niletee hicho."

Mwaka mzima kopo la bati lilisafiri chini ya kiti cha dereva, na hakuna yeyote aliyeruhusiwa kulifungua, hata askari wa mpakani.

*

Ofisi ya nyuma ilinukia chachu. Kulikuwa na meza moja, viti visivyofanana, na dirisha la kioo lililotazama jikoni. Pembeni, ukutani pale palipopakana na tanuri pakawa na joto siku zote, alikaa Bibi, mama yake Mzee Tanuri, miguu imefunikwa kwa shuka. Alikuwa mzee wa kuitikia salamu kwa nyusi. Breki alimwamkia, akaitikiwa kwa nyusi. Mama Karai alimwamkia, na nyusi hazikunyanyuka. Bibi aliyashusha macho.

Mzee Tanuri alikuwa bado na aproni yake, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Hakuivua. Alionyesha viti kwa kidevu.

Nukta aliingia na sinia la chai, na sahani mbili. Katika sahani moja kulikuwa na vipepeo. Katika nyingine kulikuwa na mafundo ya Mama Karai mwenyewe, yanang'aa kwa shira. Breki hakujua aliyatoa wapi siku ile, lakini aliziweka sahani hizo bega kwa bega mbele ya baba yake bila kutetemeka. Alipopita kando ya Breki hakumwangalia. Aliinama tu kumwekea kikombe, na kitambaa chake cha kichwa kikamgusa sikio, na Breki alisikia mgongo wake wote umepata habari.

Mjomba alikohoa.

"Mzee, mimi ni fundi viatu, kuzunguka sijui. Kiatu kimoja hakiendi safari. Sisi tunacho cha kulia, kiko hapa kimekaa, unakiona. Tumesikia nyinyi mnacho cha kushoto."

"Na kama si saizi moja?" aliuliza Mzee Tanuri.

"Hayo ndiyo mambo ya kupima, mzee. Ndiyo maana tumekuja na miguu."

Mzee Tanuri karibu acheke. Breki aliona kicheko kinafika shavuni, kikakutana na kitu, kikarudi.

"Kijana sina neno naye," alisema. "Analeta unga mkavu, haibi, hanywi. Binti yangu anamtaka, amenieleza wazi, na mimi si baba wa kumfungia mtoto chumbani. Nitamtoa. Leo hii, kabla mkate haujatoka." Alimgeukia Mama Karai. "Kwa neno moja tu. Huyu mama aseme mbele yetu alichokichukua hapa. Aseme, yaishe, tule, tucheke. Sitaki zaidi ya hapo."



"Niseme nini?" aliuliza Mama Karai.

"Unajua."

"Nisaidie. Mimi nilikuwa mwosha trei, sikusoma."

"Sema: nilijifunza vipepeo kwenye jiko la marehemu baba yako, nikaenda kuviuza mtaani kwangu kwa jina jingine. Basi."

Mama Karai aliweka kikombe chake mezani, kimejaa vilevile. Mikono yake ilikuwa na madoa ya mafuta ya miaka thelathini, madogo meupe, kama nyota alizopigwa moja moja.

"Nilikuambia siku ile, Mzee Tanuri, na leo narudia. Nilijifunza kwa mama yangu. Mama yangu alifundishwa na Fundi, yule mshona nguo."

"Fundi, Fundi. Fundi gani huyo asiye na kaburi?"

"Mzee, kwa heshima—" alianza Mjomba.

"Heshima ndiyo ninayoiomba. Mimi nataka neno. Yeye ananiletea mzimu."

Breki alimwangalia Nukta. Alikuwa amesimama mlangoni na sinia tupu kifuani kama ngao, na midomo yake ilisema bila sauti: *tafadhali.* Hakujua kama anaambiwa tafadhali nyamaza au tafadhali sema. Mtu mwenye busara angechagua la kwanza.

"Neno hilo hatalisema," alisema Breki.

"Baba," alionya mama yake.

"Hatalisema, mama, hata kama mimi nitazeeka kapera. Mzee, unataka kuniuzia mke kwa jina la mama yangu? Nikimpata kwa bei hiyo, nitamwangalia vipi kila asubuhi?"

"Ndiye huyo sasa," Mjomba aliiambia dari. "Jogoo."

Mzee Tanuri alisimama. "Basi tumemaliza."

"Hatujamaliza." Breki alilipiga kopo mezani, akalifungua. "Umesema ni vya baba yako. Tazama. Hiki nimekitoa bandarini. Mzee anayevipika anatia maganda ya chungwa, alifundishwa na mpishi wa meli, na anaviita riboni. Nilipomwambia kwetu vipo, alisema tumemwibia. Hiki ni cha milimani, kina chumvi na bizari, hakina sukari hata chembe. Mama mmoja alivipata kwa wifi yake aliyeolewa kutoka upande wa pili. Wanaviita masikio. Naye alisema sisi ni wezi. Hiki ni cha mpakani, kimelala kwenye asali, wamefundishwa na mwalimu mgeni aliyekuwa na njaa ya kwao. Wao wanasema ni vyao tangu dunia iumbwe. Nimeendesha lori mwaka mzima, mzee, na kila nilipofika nimemkuta mwenye navyo, na kila mwenye navyo ana jirani aliyemwibia. Kama ni wizi, basi dunia nzima itiwe ndani, tubaki mimi na wewe tukiwapelekea mkate."

Alikuwa anahema. Kwa nusu dakika aliamini ameshinda.

Mzee Tanuri alikiokota cha milimani, akakigeuza, akakiweka. Akakiokota cha bandarini. Mkate ulikuwa umempa macho ya kuona upungufu wa unywele mmoja. Alivipanga vyote vitatu kwa mstari, akachukua kipepeo kimoja na fundo moja kutoka kwenye sahani, akaviweka chini yake. Kisha akatabasamu, na Breki hakulipenda tabasamu lile.

"Njoo uone, dereva. Hivi vyako vya mbali, ncha imepitishwa kutoka kulia. Vyote vitatu. Sasa tazama changu. Kushoto. Tazama cha mama yako."

Hapakuwa na haja ya kutazama.

"Kushoto," alisema Mzee Tanuri. "Dunia nzima inapinda kulia, nyumba mbili tu zinapinda kushoto. Yangu, na ya mwosha trei wangu. Ahsante sana. Miaka thelathini nilikuwa na neno tu. Leo umeniletea ushahidi kwenye kopo."

Mjomba alifunga macho. "Mjomba wangu," alinong'ona, "umetuingiza korongoni na lori zima."

Breki alihisi damu inamshuka mpaka kwenye soksi zile zilizopigwa pasi. Hakuthubutu kumwangalia mama yake. Alimsikia tu akianza kukusanya mtandio wake, na alijua kwamba akivuka mlango ule hatarudi tena. Yeye pia hataweza kurudi, hata na unga. Watamtuma dereva mwingine Jumanne, na atakayemtazama Nukta akikata donge atakuwa mtu mwingine.

"Baba," alisema Nukta.

Aliweka sinia chini. Alikuja mpaka mezani, akasimama upande wa Breki, karibu kiasi kwamba mikono ya shati na gauni iligusana.

"Wewe unatumia mkono gani?"

"Wa kulia. Swali gani hilo?"

"Na babu?"

"Wa kulia. Kofi lake nalikumbuka, lilitoka kulia."

"Mimi pia wa kulia. Bibi wa kulia. Nilipokuwa na miaka saba nilikuwa nalia mezani pale kwa sababu mkono wa kushoto haukunitii, nikakuuliza kwa nini nisitumie ule unaojua kazi. Ukanijibu nini?"

Mzee Tanuri alikunja uso. "Kwamba kushoto ndiko uliko moyo. Kitamu hupikwa kwa upande wa moyo. Ndivyo babu yako alivyosema."

"Alisema vizuri. Lakini mtu wa kulia, akivumbua kitu chake mwenyewe jikoni mwake, anakivumbuaje kwa mkono usiojua kushika hata kijiko?"

Tanuri liliguna ukutani. Nukta aligeuka. "Na wewe, mama? Nyumbani kwenu ni nani wa kushoto?"

Mama Karai alikuwa amekwisha simama. Alimtazama msichana huyu kana kwamba ndiyo kwanza ameletwa mbele yake.

"Hakuna," alijibu polepole. "Mimi mama yangu aliniambia mkono wa kulia ubaki mkavu kwa ajili ya mwiko. Lakini hiyo ilikuwa hadithi ya kunituliza, nilijua. Tulipinda kushoto kwa sababu Fundi alipinda kushoto. Alikuwa mgeni, alipanga chumba cha mwisho katika nyumba ya vyumba tuliyopanga. Alishona nguo za mtaa mzima, na watoto wakilia aliwakaangia. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Mkanda wa mashine ya kiwandani kwao ulikula viwili. Hakuweza kubana ncha kwa mkono huo. Basi akabana kwa ule mwingine, na wote aliowafundisha wakaiga kilema chake, wakidhani ndio mapishi."

"Maneno," alisema Mzee Tanuri, lakini sauti ilikuwa imepungua chumvi.

"Kidole cha shahada na cha kati," ilisema sauti nyingine.

Watu wote waligeuka. Bibi alikuwa ameondoa shuka miguuni.

"Mama?"

"Vilivyokatika. Cha shahada na cha kati. Pete yake aliivaa kidole kilichofuata, na ilikuwa inazunguka, haikumkaa." Bibi alizungumza akiutazama ukuta. "Mimi na baba yako tulipanga nyumba ile tulipooana. Chumba cha pili. Usiku kama huna kitu cha kula, harufu ya karai la Fundi ilikuwa adhabu. Nikaenda nikamwomba anifundishe. Baadaye baba yako akapata tanuri hili, tukahama. Pengine mama yake huyu ndiye aliyeingia chumba chetu."

"Kwa hiyo baba..."

"Baba yako alikuwa mwokaji mzuri wa mkate. Vipepeo nilimpikia mimi. Wateja wakavipenda, wakamsifu, naye akasifika. Siku moja narudi sokoni nakuta fundi rangi yuko juu ya ngazi anaandika ukutani. Ningefanya nini? Ndoa changa, mume ana furaha, rangi bado mbichi. Nikasema nitamwambia kesho." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na meno wala raha. "Kesho ikaolewa, ikazaa."

"Na siku nilipomfukuza huyu?"

 Breki aliona vidole vya mama yake vimekaza mtandio mpaka vikawa vyeupe.

"Nilikuwa hapo jikoni," alisema Bibi. "Nyuma ya kioo hicho. Nilimsikia anapiga kelele kwamba ni Fundi, ni Fundi. Nikageuza mkate. Mkate wenyewe haukuwa umeiva."

 Kwenye kopo, kile cha mpakani kilidondosha tone la asali, na tone lile likachukua muda wake kufika chini.

Mzee Tanuri alikaa. Alikaa kama gunia linavyokaa likifunguliwa kamba. Alijifuta uso na unga wa mikono ukambaki kwenye nyusi, ghafla akafanana sana na mama yake.

"Basi," alisema hatimaye. "Basi, yaishe. Nimesikia. Chukueni binti, Mungu awabariki. Mjomba, mimina chai."

Nukta alivuta pumzi, na vidole vyake vikapata vya Breki chini ya ukingo wa meza. Vilikuwa na unga, vilikuwa vikavu na vya moto. Breki angeweza kufa pale na asidai chenji.

"Hapana," alisema Mama Karai.

"Dada," alisema Mjomba, buli likiwa hewani.

"Hapana. Binti ni mzuri, ana akili kuliko sisi wote humu, na nimempenda tangu dakika tano zilizopita. Lakini wewe, Mzee Tanuri, uliniita mwizi wapi?"

Mzee alitazama kaunta kupitia kioo.

"Nilikuwa na miaka kumi na minane. Uliniita kwenye kaunta, foleni imefika barabarani, ukasema vua aproni yetu, mwizi. Nikaivua mbele yao nikaiweka pale. Nilitembea kando ya foleni nzima mpaka mwisho wake, na nilimjua kila mtu aliyekuwepo. Umenichafua uwanjani, sasa unanisafisha chumbani. Mtoto wangu hataoa kwenye nyumba hiyo."

Aligeuka akaelekea mlango.

Sasa Breki alitakiwa kusema. Kila kitu ndani yake kilikuwa kinasema. Mama, subiri; mama, nitakufa; mama, yameisha, kwa nini unayafufua. Nukta alikuwa amemkaza vidole mpaka vinauma. Alifungua kinywa. Akaona mgongo wa mama yake, ulivyonyooka, mgongo wa msichana wa miaka kumi na minane anayeanza kupita kando ya foleni. Akakifunga. Kilikuwa kimya cha kwanza cha maisha yake alichokichagua mwenyewe, na kilimuumiza kuliko matusi yote aliyowahi kumeza.

Nukta alimtazama pembeni. Hakuutoa mkono.

Kengele ya tanuri ililia. Saa kumi. Kupitia kioo waliona trei zikivutwa, mvuke, na mbele, nje ya kaunta, vichwa vya wateja vikijipanga.

Mzee Tanuri alisimama. Alipita kando ya meza, kando ya mama yake, kando ya Mama Karai bila kumtazama, akasukuma mlango wa jikoni. Kila mtu alidhani anakwenda kwenye mkate wake, kwa sababu mkate ndio uliokuwa mtu wake. Lakini aliupita mkate pia. Alifika kaunta.

"Leo si mkate kwanza," walimsikia akisema. Foleni ilinung'unika. "Nina neno. Miaka thelathini iliyopita nilimwita msichana mmoja mwizi hapa niliposimama. Wengine wenu mlikuwepo. Yule ni Mama Karai anayeuza mafundo stendi. Hakuiba. Vipepeo hivi havikuwa vya baba yangu. Msichana yule alivijua kwa mama yake, na mama yangu alivijua palepale alipovijulia mama yake. Aliyeiba ni mimi. Niliiba jina la mtu."

Kisha alipeleka mikono nyuma ya mgongo wake, akahangaika na fundo, akaivua aproni yake. Akaiweka juu ya kaunta.

Foleni iliitazama aproni. Mwishowe bibi mmoja wa mbele, mwenye kikapu, alisema, "Sisi tulijua siku nyingi, baba. Fundi alinishonea sare za shule. Nipe mikate miwili, na usinipe ya pembeni."

Mtu alicheka. Foleni ilisogea.

Mama Karai alikuwa amerudi, amesimama mlangoni pa jikoni. Breki hakuweza kuuona uso wake. Alimwona akitembea mpaka kaunta, akiiangalia ile aproni kwa muda, kama mtu anayetafuta jina la rafiki wa zamani. Aliichukua. Aliikung'uta unga mara mbili. Akaifunga kiunoni mwake, akaikaza.

"Binti yuko wapi?" aliuliza. "Njoo hapa. Maneno yako nimeyasikia, sijauona mkono wako."

Nukta aliuacha mkono wa Breki. Alikwenda kwenye meza ndefu kando ya dirisha, akavuta kipande cha donge, akakata, akachana. Mzee Tanuri alikuwa anagawa mikate bila aproni, mgongo umewageukia, masikio yamewafuata. Bibi alikuwa amesaidiwa na Mjomba mpaka mlangoni, akasimama ameegemea koti lile lenye kubana.

Nukta alibana ncha kwa mkono wa kushoto. Hakuwahi kutazamwa hivi. Ncha ilikwama nusu ya mpasuko, donge likaanza kuraruka.

"Inua kiwiko," alisema Mama Karai.

"Inua kiwiko," alisema Bibi, papo hapo, kutoka mlangoni.

Ni neno la watu wa cherehani, neno la Fundi. Hakuna mwoka mikate anayemwambia mtu hivyo. Wanawake wawili walitazamana juu ya kichwa cha msichana, na hakuna aliyeshusha macho.

Nukta aliinua kiwiko. Ncha ikapita.